Udi Kwenye Chumba cha Baruti

Mutua alinipigia simu nikiwa kazini, ghorofa ya sita ya hoteli moja ya Doha, nagombana na mashuka yaliyorudi kutoka kwa dobi na madoa yaleyale yaliyokwenda nayo. "Zuhura, Mama anakutaka. Eda imeisha jana. Amesema ukuje umfukizie nyumba, na hataki mtu mwingine." Mutua ni Mkamba wa Machakos, dereva wa nyumba ile ya mtaa wa Abu Hamour nilikoanzia kazi, tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kwa miaka yote niliyomjua hajawahi kunipa ujumbe bila kuuongezea chumvi. Akacheka. "Amesema pia, usisahau kuuliza chumba gani kwanza." Hapo nikajikuta nacheka peke yangu katikati ya korido, shuka mkononi, na vijana ninaowasimamia wakitazamana. Baba, mzee wa nyumba ile, alikuwa amefariki miezi minne na siku kumi nyuma, kitandani mwake, baada ya kula vizuri na kulalamikia chumvi. Nilikwenda kuhani, nikakaa na wanawake, nikalia. Lakini sikumlilia kwa namna niliyotaka, maana msiba wenye watu wengi haukupi nafasi. Mama akaingia eda, na mjane aliye edani hajipaki manukato wala hajifukizi. Nyumba iliyokuwa ikinukia udi kila Alhamisi ikakaa bila harufu muda wote huo. Sasa alitaka inukie tena, na alinitaka mimi, mtu pekee katika historia ya nyumba ile aliyewahi kufukiza chumba kisichofukizwa.

Niliingia kwao kufanya kazi za ndani nina miaka ishirini na mbili, nikiwa na Kiarabu cha madrasa kisichojua kuomba hata kijiko. Sitaki kueleza nilivyotoka Tanga wala kwa nini; kila mtu Doha ana hadithi hiyo na zote zinafanana. Nitaeleza chumba. Kilikuwa mwisho wa korido, upande wa jua la asubuhi, na ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa kanzu ya Baba. Ndani kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa kizito cha kijani, mizani ndogo ya shaba, makopo yenye vifuniko vya kubana, na mashine ya chuma yenye mkono mmoja wa kushusha na kupandisha. Vibali vyake vilikuwa ukutani ndani ya fremu, vina mihuri mingi kuliko cheti cha ndoa. Baba alikuwa mwalimu mstaafu aliyependa kulenga shabaha: vile visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, unavipiga kabla havijaanguka. Kwa kuwa alipiga mara mbili kwa wiki, na risasi za dukani ni ghali, yeye alijaza zake mwenyewe nyumbani. Ganda lililokwisha kupigwa analikagua, analitia fataki mpya kwenye kitako, baruti, kisha marisaa, vile vijichembe vya risasi vidogo kama mtama, halafu mdomo wake unakunjwa. Ganda moja lilirudi kazini hata mara tano. Mama alisema mumewe ndiye mtu pekee nchini anayefua risasi.

Maganda mengi hayakuwa hata yake. Kule uwanjani nje ya mji vijana wenye bunduki za kung'aa walipiga risasi mpya na kuyaacha maganda chini, nayo yalikuwa mazuri, ya rangi nyekundu na buluu. Baba aliona haya kuinama mbele yao, basi akatuchukua mimi na Mutua. Mimi nilibeba chupa ya karaki, chai yao ya maziwa na iliki, na mfuko. Mutua alibeba mfuko na mdomo. "Tumetoka kwetu na pasipoti," alikuwa akisema, ameinama, "kuja kuokota plastiki jangwani. Nikirudi Machakos nitasema nilikuwa kwa madini." Baba alisimama kando na kofia yake ya nguo akijifanya haoni, lakini tukirudi garini mtu wa kwanza kuchungulia mfuko ni yeye. Alifurahi kama mtu aliyepewa embe za msimu wa kwanza. Mama alimwambia siku moja mezani kwamba watu wataona mwanawe hamtunzi. Baba akamjibu, huku akichota wali, kwamba watu waone wanachotaka, yeye ana maganda mia.

Nilianza kwa kumpelekea chai pale mlangoni, nikaishia kuketi. Alinipa tochi ndogo akanifundisha kutazama ndani ya kila ganda, nitoe lenye ufa, lenye kuungua, lililolegea mdomo. Baadaye akanionyesha kazi ya kukunja, na hapo, tusifichane, nilimshinda. Mdomo wa risasi unakunjika kwa mapindo madogo yanayokutana katikati, na mkono uliokulia kwenye sambusa za Ramadhani hauhitaji kufundishwa mara mbili. Zangu zilitoka zimekaa sawa, alizishika akazigeuza kwenye mwanga, akasema, "Binti, hizi ni za kuweka kabatini, si za kupiga." Sijui kama alijua alichonifanyia kwa maneno hayo. Kutwa nzima ndani ya nyumba ile jina langu liliitwa pale kitu kilipopungua, na katika chumba kile kulikuwa na kitu nilichokifanya vizuri kuliko mwenye nyumba. Nilipenda chumba kile. Nilimpenda na yule mzee, kwa namna unavyompenda babu aliyekuchagua yeye mwenyewe.

Chumba kilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, hakuna moto. Alinieleza siku ya kwanza kabisa, akanionyesha makopo ya baruti, akarudia mpaka nikaitikia kwa kichwa. Ya pili, akishika mizani hakuna kuongea. Ukisema neno moja, hata "samahani", anamwaga alichopima na kuanza upya. Nilikohoa siku moja, akamwaga. Sheria hii ya pili ilinifanya nijue siri za nyumba nzima, maana mtu akinyamaza sana masikio yanajitafutia kazi, na chumba cha Mama kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilimsikia akizungumza na dada yake kwenye simu: fulani ameolewa, fulani amenenepa, mchele huu si ule wa zamani. Ndivyo nilivyosikia habari ya mashine ya kukimbilia. Daktari alikuwa amemwambia atembee, akanunua mashine kubwa ya umeme, na kwa kukosa nafasi ikakaa koridoni, kazi yake ikawa kutundikiwa mabaibui. "Chumba cha jua," alimwambia dada yake, "kimejaa takataka zake. Lakini tumewekeana sharti. Siku nitakayoona dalili ya sigara mle, chumba ni changu." Baba alikuwa amevuta sigara miaka mingi, moyo ukamwangusha, akafunguliwa kifua. Alipotoka hospitali aliapa mbele ya Mama kwamba hataigusa tena, naye Mama akamwachia chumba kama malipo ya kiapo kile. Nilisikia sauti yake ikibadilika aliposema, "Akianza tena atanifia, na mimi sitamsamehe."

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Kila Alhamisi baada ya alasiri nilikuwa nafukiza nyumba. Nilijaza chetezo makaa, nikaweka vipande vya udi, nikapita chumba hadi chumba, nyuma ya mapazia, chini ya mito, mpaka ndani ya makabati. Mama alikuwa na amri moja tu: "Vyumba vyote, usiruke hata kimoja." Chumba cha mwisho nilikiruka kwa kuwa kilifungwa. Alhamisi ile hakikufungwa. Baba alikuwa anategemea mgeni, rafiki yake wa zamani aliyekuwa akipiga naye shabaha tangu ujana, na alitoka haraka kwenda msikitini akaacha mlango wazi kwa sababu mimi nilikuwa bado nachambua maganda. Nikaona meza ile, nikamwona mgeni anavyoingia, pua yake inakutana na harufu ya vumbi na mafuta ya mashine. Nikasema, haiwezekani, mzee huyu mgeni wake apokewe hivyo na mimi nipo! Nikaenda kabatini kwa Mama, nikachukua udi wa ndani kabisa, ule uliofungwa kwenye hariri, nikauweka kwenye makaa, nikaingia nao. Nikazunguka meza nzima. Nikafukiza hata vibali ukutani.

Mtu ataniuliza, si uliambiwa hakuna moto? Niliambiwa. Na naapa sikukaidi. Kwangu mimi moto ulikuwa jiko, kiberiti, sigara, nyumba ya jirani inapoungua. Udi haukuwa moto. Udi ulikuwa harufu. Ulikuwa heshima, ulikuwa bibi yangu siku ya Idi. Nilibeba makaa mekundu mkononi nikapita nayo kando ya makopo ya baruti, na ungenisimamisha ukaniuliza nimebeba nini, ningekujibu nimebeba manukato. Kipande kimoja kikalia pa! cheche ikaruka, ikatua kwenye kitambaa cha kijani. Nikaipangusa kwa ncha ya mtandio. Likabaki tundu dogo, la duara, jeusi pembeni, nami nikavuta boksi la maganda nikalifunika. Mgeni alikuja, akasifu harufu ya nyumba, wakanywa kahawa sebuleni, na hata chumbani hakuingia.

Siku tatu baadaye Mama aliingia na futi ya fundi cherehani kupima kama mashine yake ingeenea pale, kujifurahisha tu. Akasogeza boksi. Nilikuwa jikoni nachambua bizari nikasikia jina la Baba likiitwa kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Ukuta haukuhitajika siku hiyo. "Hii nini? Niambie hii nini!" Baba akasema hajui. Mama akasema tundu la sigara analijua, ameshona matundu yale kwenye kanzu zake miaka thelathini. Baba akaapa. Mama akamwambia asiape, ameshaapa mara moja, inatosha. Halafu akalia, na kilio chake hakikuwa cha chumba. Baba akatoka, akapita jikoni, akajimiminia maji mwenyewe, akasimama na bilauri bila kunywa. "Binti," akaniambia, "mimi nina makosa mengi, lakini mwongo siyo." Nikasema, "Ndiyo, Baba." Hilo tu ndilo lililonitoka, Mungu wangu, ndiyo Baba, na ukweli wote uko kifuani mwangu.

Nilimweleza Mutua nje, anaosha gari. Sifongo ikamwanguka. "Uliingiza makaa kwa baruti? Wewe! Tungeenda mbinguni sote na hata sijatubu." Alipomaliza kushika kichwa akawa mtu wa ushauri. "Nyamaza, dada. Hiyo ni vita ya wenye nyumba, itaisha. Ukisema, kesho kutwa uko airport na begi lako. Na si kufukuzwa tu, umechoma moto nyumba ya watu, hiyo ni kesi." Nikanyamaza. Siku mbili. Nilikuwa naogopa kurudishwa kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini kilichonikosesha chakula ni kuwaona wakila. Wale watu waligombania ndimu moja kila siku ya Mungu, huyu anauliza nani kaimaliza, yule anajibu wewe, na siku hizo mbili walipitishiana sahani bila neno. Machbus, wali wao ule wa nyama, ulirudi jikoni nusu. Baba aliacha kwenda uwanjani. Siku ya tatu aliniita chumbani nimsaidie kufungasha. Alikuwa anatia maganda kwenye maboksi bila kuyapanga, mekundu na buluu pamoja, yeye ambaye alikuwa akinirudisha kwa ganda moja lililokaa kichwa chini. Nilinyamaza kwa mazoea. "Ongea tu," akasema. "Leo hakuna kinachopimwa."

Ningepata nafasi ya kumwambia vizuri, taratibu, kama si Mama kufika na Mutua wakati uleule, Mutua amekumbatia mashine ya kukimbilia, mabaibui mawili bado yananing'inia. Mashine ikakwama mlangoni. Mutua upande wa nje, mimi na Baba ndani, Mama amechungulia juu ya bega la Mutua anatoa amri, inua, shusha, siyo hivyo. Baba akasogea kusaidia kuivuta. Mzee yule, na kifua chake kilichofunguliwa, anavuta ndani mashine ya kumtoa chumbani kwake, na haoneshi hasira hata kidogo. Hapo nikapasuka. "Mama, ni mimi! Si sigara, ni udi! Nilifukiza humu Alhamisi, cheche ikaanguka!" Mutua akafumba macho. Mama akanitazama. "Amekutuma useme hivyo," akasema. "Umemwonea huruma." Nikaapa, akakataa, nyumba ile ilikuwa imechoka kuapiwa. Basi nikatandua kitambaa chote mezani, nikampelekea mpaka mlangoni, nikampitishia juu ya mashine. "Nusa, Mama. Nusa hapo penye tundu."

Mama akainamisha pua. Akanusa, akatulia, akanusa tena. Mtu mwingine angesikia udi tu, lakini Mama aliujua kila udi wake kwa pua kama watu wanavyojua sauti za watoto wao. Uso ukabadilika mara tatu mbele ya macho yetu. "Huu," akasema polepole, "ni ule wa kwenye hariri. Huu ni udi wa harusi ya binti yangu. Zuhura! Umemchomea udi wa harusi huyu mzee na makopo yake?" Nikasema nilitaka chumba cha Baba kiheshimike. "Na wewe Mama ulisema vyumba vyote." Mutua akatoa sauti kama ya mbuzi, alikuwa anazuia kicheko. Mama hakuzuia. Alicheka mpaka akakaa kwenye mashine yake pale mlangoni, kitambaa mapajani, halafu kicheko kikageuka, akawa anajifuta macho na kumwita mumewe kwa jina lake, si baba wa fulani kama siku zote, jina lake tupu. "Nisamehe," akamwambia. "Nilikuita mwongo."

Lakini Baba hakuwa anacheka. Alikuwa anayatazama makopo. Akakaa kwenye kiti. "Ulikuwa humu peke yako," akaniambia. "Na makaa. Na mimi nimeacha mlango wazi." Nikasubiri anifukuze. Akasema, "Toka. Nenda jikoni," kwa sauti ndogo, na ile sauti ndogo ilinitisha kuliko matusi. Nikaenda nikakunja nguo zangu, zikaenea begi dogo. Asubuhi yake aliniita. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa kilekile, na tundu lake. Hakuniambia keti. "Moto ni nini?" akauliza. Nikasema jiko, kiberiti, sigara. "Endelea." Mshumaa, nikasema. Pasi ya umeme. "Endelea." Nikasita, nikasema, "Udi." Akavuta kiti changu. "Kosa lako ni nusu," akasema. "Nusu ni langu. Nilikwambia hakuna moto, sikukuuliza wewe kwenu moto ni nini." Tangu siku hiyo kila nilipoingia alinisimamisha mlangoni niimbe orodha yangu kama mtoto wa madrasa, na kila mara niliongeza kimoja ili kumfurahisha. Siku moja nikasema, "Mutua akikosa chakula cha mchana." Akakubali, akasema hicho nacho ni hatari.

Mwaka ule uliisha vizuri kuliko nilivyostahili. Uwanjani Baba alipiga visahani ishirini na tatu kati ya ishirini na tano, kwa risasi nilizokunja mimi, na mmoja wa wale vijana wenye bunduki za kung'aa akaja kuuliza ananunua wapi. Baba akanielekeza kwa kidevu. Kila Alhamisi Mama alitangulia koridoni akasimama mbele ya mlango ule, mikono ameitandaza kama golikipa, mpaka nipite na chetezo changu. Mashine ya kukimbilia ikarudi koridoni. Miaka miwili baadaye nikapata kazi ya hoteli, nikahamia mtaa wa Al Mansoura, na wao ndio walionipa barua ya sifa nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuisoma. Ninaowasimamia sasa wananiona mtu wa ajabu, kwa sababu sikubali mtu akiniambia tu "nimeelewa". Namuuliza ameelewa nini.

Basi nikaenda Abu Hamour baada ya kazi. Mutua alinifungulia geti, mvi kichwa kizima, akaniambia nimenenepa. Mama alikuwa amevaa nguo ya rangi kwa mara ya kwanza tangu msiba, amekaa karibu na chetezo, na makaa yalikuwa tayari mekundu. Akafungua kitambaa cha hariri mwenyewe. Tukapita chumba hadi chumba, mimi nafukiza, yeye nyuma yangu amenishika bega, pole pole kwa sababu ya magoti. Koridoni mashine ilikuwa palepale, mabaibui juu yake. Tukafika mlango wa mwisho. Miguu yangu ikasimama yenyewe, wala sikuiagiza. Polisi walishachukua bunduki na makopo ya baruti mwenye vibali alipofariki, Mutua aliniambia. Ndani kulikuwa na meza tu na kitambaa cha kijani. Mama hakutandaza mikono. "Leo vyumba vyote," akasema. Sikuweza. Nilisimama na moshi unanipanda usoni, mwanamke mzima wa miaka arobaini na kitu, nalia kwa sauti kama sikuwahi kufika kwenye msiba. Mama akaningoja. Kisha akaniuliza taratibu, "Moto ni nini?" Nikaanza: jiko, kiberiti, sigara, mshumaa, pasi. Nilipofika pale penyewe neno likakataa kutoka. Mama akachukua chetezo mkononi mwangu, akaingia yeye kwanza.